Hojaji ya Copenhagen: inafaa kupima uchovu wa wafiziotherapia?

Msimamizi wa kitengo cha fiziotherapia anayetaka kujua watu wake wamechoka kiasi gani, na hasa wamechoshwa na nini, aanze na hojaji ya Copenhagen, CBI (Copenhagen Burnout Inventory), inayopima uchovu wa kuelemewa, yaani "burnout". Ilitungwa Denmark, ikachapishwa mwaka 2005, na haina malipo. Ile ya mwanasaikolojia Christina Maslach ya 1981 inajulikana zaidi, lakini huuzwa.

CBI ina maswali 19 katika mafungu matatu: uchovu wa mtu mwenyewe (6), wa kazi (7) na wa kuhudumia watu (6). Neno "mteja" libadilishwe liwe "mgonjwa". Kila jibu hupewa 0, 25, 50, 75 au 100, kisha unatafuta wastani wa kila fungu. Kuanzia 50 kwenda juu, kuna jambo.

Wengi hukosea kwenye swali moja la fungu la kazi, linalouliza kama mtu hubakiwa na nguvu za kukaa na familia na marafiki. Hilo alama zake hugeuzwa: "hapana kabisa" hupewa 100 badala ya 0. Mtu akijibu 50 kwenye maswali mengine sita, na hapo akasema "hapana kabisa", wastani wake ni 57.1. Ukisahau kugeuza unapata 42.9, na aliyeelemewa anahesabiwa mzima.

Usijumlishe mafungu yote kupata namba moja, maana faida yote iko kwenye tofauti zake. Fungu la wagonjwa likipanda peke yake, angalia nani amerundikiwa wagonjwa wa kiharusi ambao maendeleo yao ni ya polepole, au wale wasiofanya mazoezi nyumbani. La kazi likipanda huku la wagonjwa liko chini, kagua ratiba, makaratasi na zamu. Fungu la kwanza lisome kwa tahadhari: linauliza pia uchovu wa mwili, na anayeshinda akiinua na kugeuza wagonjwa kwenye kitanda kisichopanda wala kushuka atapata alama kubwa hata kama moyo wake bado uko kazini.

Kasoro kubwa ya CBI kwetu ni kwamba haigusi ile hali ya kuanza kumwona mgonjwa kama goti tu au bega tu. Hapo Maslach inaizidi.

Tena, si kipimo cha ugonjwa. Shirika la Afya Duniani, katika ICD-11, orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, linauita uchovu huu hali itokanayo na kazi. Kitengo chenye watu wanne hakina siri, kwa hiyo fomu zikusanywe na mtu wa nje, na bosi apewe wastani tu.