Kuomba mkopo wa HESLB kwa OLAMS: anzia RITA, si kwenye kompyuta

OLAMS, mfumo wa mtandaoni wa kuombea mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), wenyewe hausumbui. Unajisajili kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne, unapewa namba ya malipo, unalipa Sh 30,000 kwa simu au benki, unajaza. Hapo mfumo unastahili sifa. Kinachowaangusha waombaji ni karatasi.

Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo (Zanzibar ni ZCSRA), na uhakiki hautoki papo hapo. Usisubiri dirisha la maombi lifunguliwe. Peleka cheti mara tu mitihani ya kidato cha sita inapokwisha. Yatima ahakiki pia cheti cha kifo cha mzazi, maana bila hicho uyatima wake hautambuliki. Mwenye ulemavu athibitishwe na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Kaya iko TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini? Tafuta namba ya kaya mapema. Mkopo hupangwa kwa uhitaji, na uhitaji husomwa kwenye nyaraka hizi.

Ukishajaza, chapisha fomu, isainiwe na wewe, mdhamini, serikali ya mtaa au kijiji, kisha wakili au hakimu. Kagua mihuri kabla hujaondoka ofisini. Iskani vizuri, picha ya simu yenye kivuli hufanya mhuri usisomeke, na ombi linahesabika lina kasoro.

Aliyerudia mtihani awe makini zaidi: namba ya mtihani uliyoombea chuo ndiyo hiyo hiyo uombee mkopo. Zikitofautiana, udahili wako na ombi lako havikutani.

Kuhusu fedha zenyewe, chakula na malazi vilipanda kutoka Sh 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Bumu, yaani fedha hizo za kujikimu, la siku 60 ni Sh 600,000, na kwa anayepanga chumba Dar es Salaam bado ni kidogo. Marejesho ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, makato mazito kwa mwajiriwa mpya. Kufutwa kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo mwaka 2021 kulikuwa nafuu ya kweli, kwani deni lilikuwa likivimba kila mwaka.

Matokeo hutoka kwa awamu kwenye SIPA, akaunti yako binafsi ya mtandaoni ya HESLB, basi usikate tamaa na awamu ya kwanza. Ukikosa au ukipata pungufu, kata rufaa, lakini ambatisha ushahidi ambao haukuwemo mwanzo.