Uzoefu wangu wa tathmini ya ulemavu: mara ya kwanza Moshi, mara ya pili Arusha

Nimepimwa ulemavu mara mbili kwa mkono uleule, kwanza katika hospitali moja hapa Moshi na baadaye Arusha. Majibu yalitofautiana kiasi kwamba nimeona ni vyema niyaandike kwa ajili ya mfanyakazi mwenzangu anayesubiri tarehe yake.

Kazi yangu ilikuwa kupanga mawaridi kwa madaraja katika shamba la maua nje kidogo ya Arusha. Toroli lililojaa ndoo za maji lilinibana kifundo cha mkono wa kulia ukutani. Mfupa uliunga, lakini mshipa wa fahamu unaopita katikati ya kifundo haukupona, na mshipa huo ndio unaotupa hisia kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Ukiutazama mkono wangu huoni kasoro kubwa, na ukiniambia nikunje ngumi nitaikunja. Nikishika shina la waridi, hata hivyo, hujua kwamba mwiba umenichoma pale tu ninapoona damu kwenye karatasi ya kufungia maua.

Siku ya tathmini ya kwanza nilivaa gauni langu la kanisani, kwa kuwa mama alitulea tukijua kwamba mtu haendi hospitali akiwa hovyo, na mdogo wangu wa kiume akanisindikiza. Daktari aliitikia salamu yangu huku akisoma faili, kisha akamwuliza mdogo wangu, "Huyu anasumbuliwa na nini?" Mdogo wangu akanigeukia mimi. Nilipoanza kueleza, daktari akanikatiza kwa kuuliza kwetu ni wapi, nami nikamjibu kwamba ni Machame. "Nyie Wachaga kwa hela hamjambo," akasema.

Maneno hayo angenitamkia Mpare msibani ningecheka, maana yeye ni mtani wangu na utani una mahali pake. Mtu aliyeshika kalamu ya kuandika asilimia ya ulemavu wangu si mtani wangu. Tangu alipoyasema, nilihisi kwamba kila jibu langu linapimwa kama dai la pesa, nikaanza kujibu kwa mkato ili nisionekane ninazidisha, na kwa kufanya hivyo nikaacha mambo ambayo yalipaswa kuandikwa, likiwemo lile la sufuria la moto lililoniunguza vidole bila mimi kujua.

Alinipa vidole vyake viwili nivibane, nikavibana. Nguvu ya kubana namna ile hutoka zaidi kwenye misuli iliyo juu ya kifundo, ambayo kwangu haikuumia, kwa hiyo kipimo hicho peke yake hakikuweza kuonyesha kilichoharibika. Akamwambia mwanafunzi aliyekuwa pembeni maneno ya Kiingereza ambayo sikuyafuata, akaandika, tukatoka. Hatukumaliza hata dakika kumi. Matokeo yalikuwa asilimia 8.

Asilimia hizo si takwimu za makaratasi tu. Kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na ukizidi hapo mtu hupata malipo ya kila mwezi, hivyo dakika chache za kutosikilizana zinaweza kuamua mtu atakula nini miaka yote iliyobaki. Niliomba tathmini irudiwe. Ilichukua miezi mingi na nauli nyingi, na sitaki kuyarefusha hayo.

Kule Arusha nilipokelewa na daktari wa kike ambaye kwa umri angeweza kuwa binti yangu. Alisimama, akasema, "Shikamoo mama," akanivutia kiti, kisha akaniomba nimweleze siku yangu tangu ninapoamka. Maswali yake yalinikumbusha karani wa sensa ya Agosti 2022, aliyemwuliza mama yangu kama anapata shida kuona hata akivaa miwani, na kama ni shida kidogo, kubwa, au haoni kabisa. Karani yule hakumwuliza mama kama ni mlemavu. Alimwuliza anachoweza na asichoweza. Ndivyo alivyofanya daktari huyu. Alinifumbisha macho na kunigusa vidole kwa pamba, kimoja baada ya kingine. Akaweka sarafu mezani niiokote, ikaniteleza mara tatu. Akanipa shati nifunge vifungo, nikakwama kwenye kifungo cha pili, naye akasubiri kimya bila kunisaidia wala kunihimiza, mpaka niliposema mwenyewe kwamba siwezi.

Kwa atakayekwenda: andika nyumbani kazi zilizokushinda, kwa mifano, na uende na karatasi hiyo, kwa sababu ukiwa mbele ya daktari asiyekuamini kumbukumbu hupotea.

Mara hii nilipata asilimia 21, ambayo bado ni malipo ya mkupuo. Kabla ya kutia saini, daktari alinisomea kwa Kiswahili yote aliyoyaandika na kuniuliza kama kuna mahali hakunielewa. Palikuwepo mahali pamoja: aliandika kwamba ninapika mwenyewe. Nikamwambia kwamba binti yangu ndiye anayeepua sufuria. Akakata mstari ule, akaandika upya, akanigeuzia karatasi niisome.