Kijiwe cha kahawa Magomeni: kahawa ya wastani, maswali makali

Nianze na bei, najua ndiyo mnayoitafuta. Kikombe cha kahawa chungu shilingi 200, kashata ya karanga 200. Ukiwa na 1,000 unakunywa, unatafuna, na benchi ni lako mpaka adhana ya Magharibi. Kipo Magomeni, uchochoroni nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi, chini ya mwarobaini. Kibao hakuna. Ulizia kwa babu wa kahawa.

Mimi ni keshia kwenye mojawapo ya maduka hayo. Miaka mitatu nimekuwa nikipokea kikombe changu dirishani na kukirudisha dirishani, maana wanawake hatukai pale. Hakuna aliyetukataza, ila hakuna anayesogea kukupisha pia. Mwezi uliopita nilikwenda nikakaa, kwa sababu nilikuwa na jambo linaninyima usingizi, na nyumbani sikuwa na wa kumwambia kwa kuwa jambo lenyewe ni la nyumbani.

Kahawa kwanza. Babu anaikaanga na kuitwanga mwenyewe, anatia tangawizi, na hapo ana mkono mzuri. Shida ni kwamba birika halishuki mkaani. Ukifika saa 12 jioni kahawa imeshachemka mpaka imechoka, uchungu unabaki kooni hadi unafika nyumbani. Njoo saa 10, watu wakitoka kuswali Alasiri. Vikombe vilikuwa vinasuuzwa kwenye ndoo moja, na maji yake jioni yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Nilimwambia babu, akacheka. Kesho yake nikakuta ndoo mbili.

Sasa mazungumzo, ambayo ndiyo biashara yenyewe. Siku nyingi ni Simba na Yanga, drafti ya visoda, na gazeti moja linalosomwa na watu kumi kwa zamu. Lakini kuna wakati mtu anaweka kikombe chini na kusema, "Nina kesi." Kesi ni tukio la kweli lisilo na majina. Anayeuliza "ni nani huyo?" anawanunulia wote kahawa. Sijui sheria hiyo ilitungwa lini, ila niliona dalali mmoja wa viwanja akilipishwa vikombe tisa, analalamika huku anahesabu chenji.

Nikasema nina kesi. Rafiki yangu ana mama mkubwa Tanga. Hospitali wamesema ni saratani na imeshafika mbali. Watoto wamekubaliana asiambiwe, yeye anajua ni vidonda vya tumbo. Je, wanafanya sawa?

Babu alinitazama, akanimiminia kikombe ambacho sikuagiza.

Dalali akaanza, kwa sauti ya mtu anayeuza kiwanja: ukimwambia mgonjwa habari kama hiyo unamuua kabla ya siku zake. Mwalimu mstaafu akamkatalia. Yeye alikariri ahadi za TANU akiwa kijana na bado anazo zote kichwani: "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko." Akaongeza kuna Mjerumani, Immanuel Kant, aliyeandika mwaka 1797 kwamba hata muuaji akikugongea mlango anamtafuta rafiki yako, huna ruhusa ya kumdanganya. Kijana wa bodaboda akauliza huyo Kant alikuwa anaishi mtaa gani. Mwalimu akakiri kwamba maisha yake yote hakutoka mbali na mji wake wa Königsberg. "Ndiyo maana," akasema kijana, watu wakacheka. Halafu kijana huyo huyo akasema neno ambalo sijalisahau: ahadi inasema utasema kweli, haisemi utaisema yote kwa siku moja.

Ustaadh wa madrasa akaja na upande mwingine. Mtu akifa, deni lake na wasia wake hutangulia kabla mirathi haijagawanywa, na wasia wenyewe hauvuki theluthi moja ya mali. Sasa mtu anayeambiwa ana vidonda vya tumbo ataandika wasia wa nini?

Mmoja akatupia methali, mficha maradhi kifo humuumbua, akaegemea mti kana kwamba kesi imekwisha. Fundi cherehani, ambaye mpaka hapo alikuwa anatunga uzi, akamwambia bila kuinua macho: "Hiyo inamhusu mgonjwa anayeficha. Hapa mgonjwa ndiye anayefichwa. Tafuta nyingine."

Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alihoji wazee wenye hekima vijijini Kenya, kuonyesha kwamba falsafa haikuhitaji kusubiri vitabu. Aliwagawa mafungu mawili: wanaojua hekima ya watu wao na kuirudia vizuri, na wanaoweza kuihoji hekima hiyo hiyo. Kwa kipimo hicho kijiwe hiki kina wengi wa fungu la kwanza, na wa fungu la pili ni fundi cherehani, labda na yule kijana wa bodaboda asipokuwa na abiria.

Fundi akaniuliza, "Huyo mama ana shughuli gani?"

Nikasema ni kijumbe. Anaendesha mchezo wa kuchangiana pesa wa wanawake 20, kila mmoja shilingi 50,000 kila mwezi, na wanapokea kwa zamu. Daftari analo yeye, na nani anafuata kupokea anajua yeye.

"Wapo ambao zamu yao bado?"

"Wapo."

"Na wao wanajua ni vidonda vya tumbo?"

Sikujibu. Akakata uzi kwa meno. "Basi mnamlinda, au mmeshamvua ukijumbe bila kumwambia?"

Alisema *mna*. Kila mtu pale aliisikia, na hata dalali hakuuliza huyo ni nani, ingawa safari hii faini yake ningemlipia mimi. Nilikuwa nimeihesabu kesi yangu kuwa ya huruma na kweli tu, kipi kizito. Wanawake wale wa Tanga hawakuwamo kabisa kwenye hesabu yangu, wala mama mkubwa mwenyewe hakuwamo kama mtu mwenye kazi yake.

Nilitaka kuendelea, lakini redio ya simu ikafunguliwa, mechi imeanza, na katikati ya sentensi ya ustaadh watu wote wakageuza shingo. Hili ndilo kosa kubwa la kijiwe. Siku ya mechi usipeleke kesi nzito. Makosa mengine: dalali anakatiza kila mtu, moshi wa sigara, na benchi la upande wa ukuta lina msumari.

Nililipa 800 na sikupewa jibu. Nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaitoa nikikuta mwanamke mwingine amekaa.

Usiku ule nilimwandikia kaka yangu ujumbe: daftari la mchezo la mama mkubwa nani analo? Alijibu baada ya siku mbili. "Kwani vipi?"