LM317: aisii ya mwaka 1976, naipa nyota nne na nusu

Hii kitu nimeifunga kwenye pawa saplai ya mezani kwangu mwezi wa nane sasa, nimeona niandike maana kila siku kuna mtu anauliza anunue regyuleta gani af anaishia kuuziwa bodi ya bei ya juu yenye skrini na vitufe ambavyo hata havigusi. LM317 ni regyuleta, yani aisii (saketi nzima ndani ya kipande kimoja) ya kushika volti isiyumbe, ina miguu mitatu basi. Unaipa DC, unaweka rezista mbili, unatoa volti unayotaka kuanzia 1.25 mpaka 37, na ampea inafika moja na nusu ukiipoza vizuri.

Aliyeichora ni Bob Dobkin, mwaka 1976, akiwa National Semiconductor kule Kalifornia. Kabla yake palepale kazini alipita mzee mwingine, Bob Widlar, ndo wa LM109, regyuleta ya volti 5 tu lakini ilikuwa inajizima yenyewe ikizidiwa na joto. Dobkin akachukua wazo hilo af akafanya ujanja ambao mi mpaka leo ukinielezea nacheka mwenyewe: akaiondolea mguu wa ground! Yani aisii inaning'inia tu juu ya hizo rezista, yenyewe haijui kama huko nje unataka volti 5 au 30, kazi yake ni moja, kushika volti 1.25 kati ya mguu wa kutoa na mguu wa kurekebisha, mengine utajua wewe na rezista zako. Ndo maana hiyohiyo ukitaka iwe chaja ya ampea isiyobadilika unaweka rezista moja tu, ohmu 2.5 unapata nusu ampea, kwisha.

Na inavumilia jamani. Wiki ya kwanza bisibisi ikaniponyoka ikalala juu ya plas na mainasi, transfoma ikaanza kuunguruma, mi nimeshika kichwa najua imeshakufa. Nikatoa bisibisi, volti ikarudi palepale kama hakuna kilichotokea. Mzee aliyechora alijua kabisa watu wa aina yangu wapo.

Sasa malalamiko. Joto la kwanza. Ukiingiza volti 18 ukatoa 5 kwa ampea moja, wati 13 zote zinaishia kwenye hitisinki, lile bati la kupoza, utachemshia chai. Sio kosa lake, ndo zilivyo regyuleta za aina hii, ila ukiwa unatumia betri au sola kaa nayo mbali.

La pili, mgongo wa chuma umeungana na mguu wa kutoa. Mliozoea 7805, ile regyuleta ya volti 5 tu, ambayo mgongo ni ground mtaibana kwenye boksi la chuma moja kwa moja mpige shoti, wekeni maika, kile kikaratasi kisichopitisha umeme, katikati. Na mpangilio wa miguu nao sio sawa na wa 7805, usiichomoe moja ukaweka nyingine kwa kukariri.

La tatu hili linawakamata wengi. Michoro mingi ina rezista ya ohmu 240 kati ya mguu wa kutoa na wa kurekebisha na watu wanaikopi tu. Hiyo 240 inaifaa LM117, ndugu yake wa bei kubwa anayeridhika na mili ampea 5 zikipita hapo. LM317 inaweza kudai mpaka 10, kwahiyo bila mzigo volti inaweza kupanda yenyewe ukabaki unalaumu aisii. Weka 120 ulale usingizi.

Af kuna siku nilikaa na kompyuta nikaipiga simulesheni, grafu imenyooka kama rula, nimekuja kuiunga kweli volti inachezacheza. Kumbe waya za kuingizia zilikuwa kama sentimita 30 na sikuweka kakapasita ka maikrofaradi 0.1 karibu na mguu wa kuingizia. Kwenye kompyuta waya hazina urefu! Bob Pease, mzee mwingine wa hapohapo National, alikuwa hazikubali kabisa simulesheni, yeye ni mita na mzunguko halisi mezani. Rafiki yake Jim Williams, naye mchora saketi, ndo usiseme, meza yake ilivyokuwa imejaa waya na vikorokoro alipofariki 2011 ilipelekwa kuonyeshwa makumbusho ya kompyuta kule Mountain View, na Pease naye akafa kwa ajali ya gari akitoka kwenye kumbukumbu ya huyohuyo Williams. (Mke wangu akisema meza yangu chafu huwa namtajia hiyo meza ya makumbusho. Haijasaidia.)

Mwisho feki. Duka moja, jina naliacha, waliniuzia tano kwa bei ya kutupa, maandishi yanafutika kwa kidole, ukivuta nusu ampea volti inaporomoka. Nikavunja moja kwa koleo, kipande cha silikoni ndani ni kama punje ya sukari, nikaweka pembeni na cha orijino niliyokuwa nayo iliyoungua zamani, wala hazilingani. Widlar inasemekana kifaa kikimfelisha alikuwa anakiweka chini anakisaga kwa nyundo mpaka unga kisije kumsumbua tena, basi na mi zile nne zilizobaki nikatoka nazo kibarazani na nyundo. Raha yake siwezi kueleza. Nunua zenye nembo ya ST au Texas Instruments kwa muuzaji anayekubali uipime kabla hujalipa, nusu nyota niliyokata ni ya hiyo 240.