Pamba au sufu, ipi inashika vimeng'enya vizuri?

Kama unataka kushikiza vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali) kwenye kitambaa ili kazi ikiisha unakitoa, unasuuza, unatumia tena, mi naona sufu inaanza kirahisi maana yenyewe ni protini, ina vikundi vyake vya amino vya kushikia tayari, unaweka glutaraldehaidi (kemikali ya kuunganisha) inaunganisha sufu na kimeng'enya basi. Pamba ni selulosi, ina vikundi vya haidroksili tu ambavyo ni vivu, haviungani kirahisi, so lazima kwanza uichokoze na periodeti (kemikali ya kuoksidisha) ipate aldehaidi, yaani vikundi vya kushikia, na ukizidisha uzi unadhoofika. Ila kwenye alkali kali sufu inaharibika, pamba inavumilia, hapo nachukua pamba bila kuuliza. Na jamani proteazi (kimeng'enya kinachokata protini) kwenye sufu inaweza kuila hiyo hiyo sufu, selulazi (kinachokata selulosi) kwenye pamba ni yale yale.