Dashibodi kijani, abiria wanalia: uzoefu wangu na huduma ya kufuatilia seva

"Hivi dada, hapo kwenu hakuna kaka wa IT niongee naye?"

Hilo ndilo jibu nililopewa na mtu wa huduma kwa wateja wa kampuni inayotuuzia dashibodi ya kufuatilia seva, yaani skrini inayoonyesha hali ya kompyuta zinazoendesha programu yetu, siku ambayo programu yetu imekwama na stendi imejaa watu. Imepita miezi kadhaa sasa. Kila nikikaa kuandika maoni haya kwa utulivu, sauti ile inanirudia na utulivu unakwisha. Kwa hiyo sitawaeleza dashibodi inafungwaje wala ina vifurushi vingapi. Hayo yako kwenye tovuti yao, yamepangwa vizuri na picha zake.

Kazi yangu ni kuhakikisha mfumo wa tiketi za mabasi haulali. Programu imeandikwa kwa Java, inaendeshwa ndani ya Tomcat, mbele yake kuna nginx inayopokea maombi kwanza, nyuma yake PostgreSQL, ndiyo databesi yetu. Wakala anachagua kiti, abiria analipa kwa simu, tiketi inatoka. Miezi mingi ya mwaka seva inapumua vizuri tu. Ikifika Desemba, watu wa Moshi na Arusha wanapanda kwao, na hapo ndipo unapojua mfumo wako ni wa kweli au ni wa maonyesho.

Ilikuwa siku chache kabla ya Krismasi, asubuhi. Simu ya kwanza ilitoka kwa wakala wetu wa stendi ya Magufuli pale Mbezi, mama mmoja mtu mzima ambaye tangu nimjue hajawahi kunipandishia sauti. "Mwanangu," akasema, "huku watu watanitoa roho. Hela zinakatwa, tiketi haziji." Nyuma yake nasikia wapiga debe, nasikia mtoto analia, na mwanaume mmoja anasema kwa sauti kwamba amelipa mara mbili na gari linaondoka saa tatu.

Nikafungua dashibodi. Kijani. Prosesa inatumika asilimia nane. Memori ina nafasi. Diski ina nafasi. Muda wa kujibu, chini ya nusu sekunde. Makosa, asilimia moja. Na pale juu kabisa, kwa maandishi makubwa, wamekuandikia kwamba huduma zote ziko salama.

Naomba mnielewe hapo. Mtu mwenye dashibodi mbovu inayozima anajua amebaki gizani, anatafuta tochi. Mimi niliambiwa ni mchana. Nikamwambia yule mama kwamba huku kwetu kila kitu kiko sawa, huenda ni mtandao wa simu pale stendi. Nilimwambia hivyo mtu mzima aliyezungukwa na abiria wenye hasira, kwa sababu tu skrini imenionyesha rangi ya kijani. Hilo sijalisahau na sidhani kama nitalisahau.

Simu ya pili ikatoka Shekilango. Ya tatu Morogoro. Nikajaribu kukata tiketi mwenyewe kwenye simu yangu: kiduara kinazunguka, kinazunguka, sekunde thelathini, kosa. Nikapiga simu huduma kwa wateja. Tunalipia kifurushi chenye msaada wa simu, tunalipa kwa dola, kila seva, kila mwezi, hatujawahi kuchelewa. Akapokea kaka mmoja. Nikamweleza: wateja wanapata makosa, dashibodi inaonyesha hakuna tatizo, naomba mniangalizie kama vipimo vinafika kwenu sawasawa. Akaguna. Akasema kwa upande wao kila kitu kiko kijani. Nikamwambia najua ni kijani, ndiyo sababu nimepiga. Akasema, "Dada, ungesoma kwanza dashibodi ndiyo upige." Nikarudia taratibu, labda sikueleweka. Ndipo akauliza kama hakuna kaka wa IT.

Nilikata simu. Mikono ilikuwa inatetemeka.

Sasa niwaeleze kilichokuwa kinaendelea, kwa sababu mtu mwingine anaweza kuwa amekaa mbele ya kijani hicho hicho. Niliingia kwenye seva mwenyewe nikapiga jstack, amri inayoonyesha kila thredi ya Java, yaani kila mhudumu wa ndani ya programu anayeshika ombi moja kwa wakati, inafanya nini. Niliipiga mara tatu, kila baada ya sekunde kama kumi, nikalinganisha majibu. Karatasi zote tatu zilisema neno lile lile, mstari baada ya mstari: thredi inasubiri, thredi inasubiri, thredi inasubiri. Zote zimekwama mahali pamoja, pale zinapoomba koneksheni ya databesi, yaani njia ya kuongea nayo.

Tomcat ukiiacha kama ilivyokuja ina thredi 200 za kuhudumia watu. HikariCP, ambayo ndiyo inayogawa koneksheni za databesi, ukiiacha kama ilivyokuja inatoa kumi. Kumi zinatosha sana kama kila mtu anaingia na kutoka haraka. Lakini msimbo wetu ulikuwa unashika koneksheni, halafu huku umeishikilia unakwenda kuuliza upande wa malipo ya simu kama hela imeingia. Siku za kawaida jibu linarudi haraka, hakuna anayeona. Siku ile upande wa malipo ulikuwa mzito. Watu kumi wanatosha kushika koneksheni zote kumi wakisubiri jibu la malipo. Wengine 190 wanajipanga nyuma yao, kila mmoja anasubiri sekunde 30, ndio ukomo wa HikariCP, halafu anatupiwa kosa. Anayekuja baada ya hapo hata thredi ya kumpokea hakuna.

Na anayesubiri hatumii prosesa. Ndiyo maana ilikuwa asilimia nane! Seva iliyokwama kwa kusubiri inaonekana imetulia kuliko seva inayofanya kazi. Mtu yeyote anayeuza dashibodi ya seva za programu anatakiwa kulijua hili kabla hajajua jina lake, kwa sababu ndiyo moja ya njia za kawaida kabisa seva ya Java inavyokufa.

Kipimo cha afya nacho, kile kinachobisha hodi kila baada ya sekunde chache na kuuliza "upo?", walipotufungia walikielekeza kwenye mlango wa pembeni wa usimamizi, wenye thredi zake. Mlango ule haupiti kwenye foleni ya abiria wala haugusi databesi. Kwa hiyo kila ukibisha unaitikiwa nipo. Kweli ipo. Ila haiuzi tiketi.

Kuhusu ule muda wa kujibu wa nusu sekunde, chukueni kalamu tuhesabu. Dashibodi inahesabu maombi yote yanayopita kwenye nginx, pamoja na nembo za mabasi, picha za viti na vipande vya ukurasa, ambavyo nginx inavitoa yenyewe bila kuigusa Tomcat. Chukua maombi 1,000. Sema 990 ni vipande hivyo, kila kimoja milisekunde 20. Kumi ni abiria wanaolipia, kila mmoja sekunde 30 halafu kosa. Jumla ni sekunde 319.8, gawa kwa 1,000, unapata sekunde 0.32. Makosa ni asilimia moja. Wao wameweka tahadhari ilie makosa yakipita asilimia tano. Kwa hesabu hiyo abiria wote waliotaka kulipa wameshindwa, wote kumi kwa kumi, na dashibodi haina la kusema.

Wastani ndio wanaokuwekea mbele ukifungua tu. Mstari wa asilimia 99, unaokuambia yule wa 99 kati ya kila watu 100 alisubiri muda gani, uko kurasa tatu ndani. Hata huo, kwa hesabu niliyowapa hapo juu, ungekuwa umepona kwa unywele. Dawa ni kutenganisha: njia ya malipo ipimwe peke yake, picha zipimwe kwao. Hakuna aliyetuambia hivyo walipokuja kufunga. Walikuja watu wawili na kalamu za zawadi.

Tulirekebisha siku ile ile. Niliwasha upya Tomcat, nikaongeza koneksheni kwa muda, na vijana wetu wakakaa mpaka usiku kutoa ule ulizaji wa malipo nje ya muamala wa databesi, usishike koneksheni tena, na kuuwekea ukomo wa muda. Yule baba aliyelipa mara mbili alirudishiwa hela yake. Gari lake lilikuwa limeshaondoka, akapandishwa la jioni, yeye na watoto watatu. Wakala ndiye aliyenisimulia. Walikaa juu ya mabegi yao tangu asubuhi.

Sasa nafika mahali panaponiwia vigumu, na nitapaandika kwa sababu maoni yasiyo ya haki hayamsaidii mtu.

Baada ya sikukuu nilirudi kwenye dashibodi ile ile nikarudisha saa nyuma hadi asubuhi ile. Nikafungua kisanduku kimoja kilichokunjwa chini kabisa, kimeandikwa thredi zinazofanya kazi. Mstari ulikuwepo. Unapanda kutoka thelathini na kitu, unapanda, unafika 200, halafu unanyooka kama meza. Ulinyooka kwa zaidi ya saa nzima. Walikuwa wameupima! Kila sekunde 15 walichukua namba hiyo kwenye seva yangu, wakaipeleka kwao, wakaihifadhi vizuri, na hakuna aliyeweka pembeni yake mstari mwekundu wa kusema hapa ndiyo mwisho. Bila ukomo kuchorwa, mstari ulionyooka unasomeka kama utulivu.

Kwa hiyo siwezi kusema chombo ni kibovu. Nilipofuta tahadhari zao zote nikaandika zangu, kimekuwa chombo kingine. Thredi zikipita 150 simu yangu inalia. Mtu akisubiri koneksheni zaidi ya sekunde mbili, inalia. Malipo yana kisanduku chake juu kabisa, peke yake, na mstari wa asilimia 99. Ufagiaji wa memori wa Java nao nimeuweka hapo, kwa sababu ukichukua muda mrefu programu nzima inasimama na watu wanadhani ni mtandao. Kwa jinsi kilivyo sasa ningekipa nyota nne bila kusita.

Nilijaribu pia kuwaacha kabisa. Wikiendi moja nilijifungia nikaweka Prometheus, inayokusanya vipimo vya seva, na Grafana, inayovichora. Hizi ni za bure, msimbo wake uko wazi. Prometheus ilianzia ndani ya SoundCloud mwaka 2012, na nyaraka zake zimeandikwa na watu wanaojua seva inavyokufa. Nilizipenda. Nilizipenda mno, nikakaa mpaka alfajiri nikichora grafu. Lakini niseme ukweli: ukiiacha kama ilivyokuja Prometheus inatunza kumbukumbu za siku 15 tu, na mimi nataka kulinganisha Desemba hii na Desemba iliyopita. Inawezekana kuongeza, ila sasa ni diski yako, ulinzi wako, na usiku wako. Sisi ni watu watatu. Kwa ofisi kubwa ningesema msifikirie mara mbili. Kwa sisi, huduma ya kulipia bado ina maana, na inaniuma kuandika hivyo.

Inaniuma kwa sababu nikishafika hapo, kwenye kusema ina maana, namkumbuka yule kaka. Aliniambia nisome dashibodi. Nimeisoma sasa, nimeisoma kuliko yeye. Kama siku ile angefungua kile kisanduku kilichokunjwa, dakika mbili tu, angeniambia, "Dada, thredi zako zimefika 200, angalia databesi." Data ilikuwa kwao. Badala yake alitafuta mwanaume. Nimewaandikia barua pepe nikieleza yote, na namba za mstari ule nimewawekea. Nikajibiwa kwamba maoni yangu ni ya thamani kwao na tiketi yangu, yaani lalamiko langu kwenye mfumo wao, imefungwa. Tiketi imefungwa!

Karibu na Pasaka jambo lile lile lilitaka kujirudia. Upande wa malipo ukawa mzito tena, saa moja asubuhi, siku ya safari. Simu yangu ililia, thredi 152. Nilikuwa natengeneza chai. Nikafungua, nikaona mstari wa malipo unapanda peke yake huku mingine imelala, nikajua ni wapi bila kubahatisha. Nikazima njia ile ya malipo kwa muda, abiria wakaelekezwa kulipa kwa nyingine, na kabla chai haijapoa mstari ulikuwa umerudi kwenye arobaini. Nikampigia yule mama wa Mbezi mimi mwenyewe kumuuliza hali. Akaniambia, "Salama mwanangu, kwani kuna nini?"

Siwezi kuwaeleza furaha ya swali lile. Na dashibodi iliyonipa furaha hiyo ni hii hii ninayoilalamikia.

Basi, kama mnauliza nyota: leo nawapa mbili. Chombo kikiwekwa mikononi mwa anayejua afute tahadhari zao na aandike zake, ni nne. Kwa anayekinunua na kukiacha kama walivyomfungia, ni hatari kuliko kutokuwa nacho, na hapo siondoi neno. Mkifungiwa, waulizeni mbele yao: kipimo cha afya kinapita mlango gani, kinagusa databesi au hakigusi, na thredi zangu zikijaa nani ataniambia. Wakishindwa kujibu wasiondoke mpaka wajue.

Mkataba wetu unaisha hivi karibuni na bosi ameniachia mimi niamue. Nimewaandikia tena nikawaambia nitasaini siku yule kaka atakaponipigia mwenyewe aniombe radhi, akishamaliza nimwonyeshe ule mstari wa 200. Mpaka naandika hapa simu haijaja.