Snarky Puppy, "We Like It Here": jazi ya moja kwa moja bila spika za ukumbini

Rekodi hii ya bendi ya Snarky Puppy ilifanywa Utrecht, Uholanzi, Oktoba 2013, ikatoka 2014 na nyimbo 8. Hadhira ilikaa karibu kabisa na wanamuziki, hedifoni masikioni. Usafi wa sauti unatoka hapo: bila spika kubwa, maikrofoni hazinasi mwangwi wa spika juu ya ala, kasoro inayoharibu rekodi nyingi za jukwaani.

Anza na "Lingus". Baada ya dakika ya 4 Cory Henry anaichukua solo ya kinanda, anaijenga polepole kwa vipande vifupi, kisha anabadilisha kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) juu ya mdundo uleule hadi wenzake wanashika vichwa. Larnell Lewis anamjibu kwa ngoma kila anapopanda. Itazame kwa video, sauti peke yake haitoshi.

Usitumie spika ya simu: besi ya Michael League inapotea, na mapigo yanayopishana hayashikiki. Hedifoni za waya ni bora. Za bluetooth huweza kuchelewesha sauti, mikono ya wanamuziki kwenye video isiende nayo.

Tarumbeta na saksofoni zimejaa mno mahali pengine, solo zinakosa nafasi. Hata hivyo, inunue.